Kubadilisha shawa bila kuvuja: mwongozo kwa nyumba za Ruiri

Ruiri iko upande mkavu wa Mlima Kenya, pale ardhi ya Meru inapoanza kuteremka kuelekea Isiolo. Anayeishi hapa anajua tangi lililojaa lina maana gani, hasa baina ya mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba. Ndiyo maana shawa inayodondoka si jambo la kuvumilia. Tone kubwa la shawa ni kama robo ya mililita. Likianguka moja kila sekunde, kwa sekunde 86,400 za siku moja, yanamwagika zaidi ya lita 21. Huo ni mtungi mzima wa lita 20 kila siku, tena wa maji ambayo pengine umeyalipia, umeyapiga pampu au umeyasubiri siku nyingi.

Kubadilisha kichwa cha shawa na vifaa vyake ni kazi ya asubuhi moja, na mtu yeyote mwenye subira anaiweza. Inayoharibu kazi hii mara nyingi ni imani kwamba kiungo kisichovuja ni kiungo kilichokazwa mno. Maji hayazuiwi na nguvu za mkono. Yanazuiwa na kitu laini kilichokaa mahali pake kati ya vitu viwili vigumu. Kwenye kiungo cha thredi, kitu hicho ni thredi tepu au katani. Kwenye kiungo kinachobana uso kwa uso, ni washa ya mpira. Ukijua kila kiungo kinahitaji kipi, utakaza kidogo na hakitavuja. Usipojua, utakaza hadi upasue bomba ndani ya ukuta na maji yaendelee kutoka.

Pima presha ya maji yako kwanza

Kabla ya kwenda dukani, jua maji yako yanafika bafuni kwa nguvu gani. Presha ya maji ya tangi inatokana na kimo peke yake: kila mita 10 za kimo ni bar 1. Kimo hicho kinapimwa kutoka kichwa cha shawa hadi usawa wa maji ndani ya tangi. Wengi hupima kutoka ardhini, ndipo wanaponunua shawa isiyowafaa.

Chukua nyumba ya kawaida. Tangi limekaa kwenye mnara wa mita 3, na kichwa cha shawa kiko mita 2 kutoka sakafuni. Maji yakikaribia kuisha, tofauti ni mita 1 tu, yaani bar 0.1. Tangi likiwa limejaa, ongeza mita moja na kidogo ya kina cha tangi lenyewe, na bado hujavuka sana bar 0.2. Kwa presha hiyo, zile shawa pana za kisasa zinazomwaga maji kama mvua zitakudondoshea tu. Chagua kichwa kidogo chenye matundu machache, kwa sababu maji machache yakigawanywa katika matundu mengi hupoteza nguvu. Ukitaka nguvu zaidi, inua tangi. Kama hilo haliwezekani, tumia bomba pana, la inchi moja au robo tatu, kutoka tangini hadi karibu na bafu, kisha upunguze kuwa nusu inchi mwishoni. Bomba pana haliongezi presha, lakini linapunguza inayopotea njiani kwa msuguano.

Wapo wenye tatizo la kinyume. Maji yanayoshuka mlimani kwa mteremko hukusanya presha kadiri yanavyoteremka. Bomba lililoshuka mita 60 bila tangi la kuvunja presha katikati linafika kwako na bar 6, hasa usiku watu wengine wakiwa wamefunga mifereji. Shawa nyingi za umeme za plastiki huandikwa kikomo cha bar 4 kwenye boksi. Kama shawa yako inalishwa na bomba la nje moja kwa moja, ihamishie kwenye tangi, au umwambie fundi aweke valvu ya kupunguza presha. Ukifunga shawa mpya bila kulitazama hilo, utakuwa unabadilisha washa kila mara bila kujua kwa nini zinakatika.

Jambo jingine la kujua ni ladha ya maji. Maji ya mto huleta mchanga na udongo wakati wa mvua. Maji ya kisima kirefu huweza kuwa na chumvi na kuacha ukoko mweupe kwenye sufuria. Kama ni ya chumvi na unanunua shawa ya umeme, mwambie muuzaji wazi, kwa maana zipo zilizotengenezwa kwa maji ya chumvi, ambazo koili yake imefunikwa. Zile za kawaida koili yake iko wazi majini, na maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi zaidi na kuila koili upesi.

Kununua kinachoingiana

Shawa karibu zote hapa nchini ni za nusu inchi. Usishangae ukipima thredi ya nje ya mkono wa shawa kwa rula na kupata karibu milimita 21. Hiyo ndiyo nusu inchi ya mafundi. Ile ya robo tatu hupima kama milimita 26. Kama una shaka, fungua kifaa cha zamani uende nacho dukani. Muuzaji akikiona hatakosea.

Tahadhari moja kwa wenye ndugu Marekani. Shawa ya kule nayo ni ya nusu inchi, na thredi zake ni 14 kwa kila inchi kama zetu. Lakini zetu ni za kipimo cha Kiingereza, zilizokatwa kwa pembe ya digrii 55, na zao ni za digrii 60 na zinaelekea kuwa nyembamba mwishoni. Zitaingiana mizunguko michache, zikupe moyo, kisha zivuje. Kama zawadi hiyo ni lazima itumike, tafuta adapta ya kuunganisha aina hizo mbili. Tena ujue kwamba sheria ya Marekani ya mwaka 1992 iliweka kikomo cha galoni 2.5 kwa dakika kwa vichwa vya shawa, yaani kama lita 9.5. Kwa hiyo ndani ya shingo ya kichwa hicho kuna kidude cha plastiki cha kupunguza maji. Kwa tangi la mnara mfupi, kitoe kwa ncha ya bisibisi, la sivyo utapata mchirizi tu.

Ukichagua mkono wa shawa na viungo vyake, upime uzito mkononi na uchungulie ndani ya thredi. Brasi ni nzito na ndani yake ina rangi ya manjano. Kifaa chepesi cha kijivu kilichopakwa kromu nje ni cha metali laini ambayo thredi yake huliwa na kutu nyeupe na kukatikia ukutani. Tofauti ya bei ni ndogo ukilinganisha na gharama ya kubomoa tailosi.

Nunua pamoja: thredi tepu mbili, pakiti ndogo ya washa za mpira za nusu inchi, na plagi moja ya nusu inchi yenye thredi ya nje. Hiyo plagi ni ya bei ya chini, na ndiyo itakayokusaidia kuliko vyote. Vifaa vya mkononi ni spana ya kurekebisha, plaizi, mswaki wa zamani, kitambaa kikavu, ndoo, na ngazi au kiti imara kisichoteleza. Paipu renchi iwe karibu, lakini iguse mabomba ya chuma tu, isiguse kromu wala plastiki.

Funga maji, zima umeme

Funga koki ya bafu kama ipo. Kama haipo, funga geti valvu iliyo chini ya tangi. Geti valvu iliyokaa miaka bila kuguswa usiilazimishe. Izungushe kidogo kwenda na kurudi hadi ilegee, maana ikikatika shingo, tangi zima litaishia uani. Kisha fungua mfereji ulio chini kuliko yote nyumbani, yaani ule wa nje au wa jikoni, na ufungue koki ya shawa pia, ili bomba limwagike maji yaliyobaki. Ukiona mfereji wa chini haukomi kutiririka, geti valvu haifungi vizuri. Itengeneze hiyo kwanza.

Kama shawa ni ya umeme, zima swichi yake ukutani, kisha uzime breka yake kwenye boksi la umeme. Bandika karatasi juu ya boksi kueleza kwamba kuna mtu anafanya kazi, na uwaambie watu wa nyumbani. Usiguse waya wowote hata kama umezima. Sehemu hiyo nitaieleza mbele.

Ziba tundu la maji machafu kwa kitambaa. Washa iliyotumbukia humo hairudi.

Kutoa ya zamani

Shika mkono wa shawa kwa mkono wa kushoto ili usizunguke, na ufungue kichwa kwa mkono wa kulia kinyume cha mishale ya saa. Kikigoma, kifunge kitambaa na utumie spana. Kama kimeshikwa na ukoko wa chumvi, kizungushie kitambaa kilicholoweshwa siki nyeupe, ukiache nusu saa, ujaribu tena.

Kichwa kikitoka na mkono ukawa mzima, usiuondoe. Kila kiungo usichokigusa ni kiungo ambacho hakitakuvujia leo. Uondoe tu ikiwa umeliwa na kutu, umelegea ukutani, au unavuja nyuma ya kile kifuniko cha duara kilicho ukutani.

Kuutoa mkono kunataka upole, kwa sababu nyuma ya tailosi kuna elbo, na siku hizi elbo hiyo ni ya plastiki ya PPR yenye pete ya brasi ndani. Ukivuta kwa pupa, pete inazunguka ndani ya plastiki na elbo inakufa. Uzungushe mkono polepole ukiwa umeunyoosha sawasawa na ukuta, usiuning'inie. Ukikatika na kipande kikabaki ndani, usikate tamaa. Chukua wembe wa msumeno wa chuma, ufunge kitambaa upande mmoja uwe mpini, na ukate ufa mmoja kutoka ndani ya kipande kilichobaki. Kata taratibu na usimame kabla ya kuigusa thredi ya elbo. Kisha bonyeza kipande kiingie ndani kwa ncha ya bisibisi, kitalegea na kutoka. Elbo ikiwa imepasuka au inazunguka, simama hapo. Kuibadilisha kunahitaji mashine ya kuchomea PPR, na hiyo ni kazi ya fundi wa mabomba.

Sasa safisha thredi ya ndani kwa mswaki hadi uone brasi inang'aa. Mabaki ya tepu au katani ya zamani ni sababu kubwa ya kuvuja kwa kazi mpya, kwa kuwa tepu mpya hukaa juu ya uvimbe badala ya kujaza bonde. Fungua maji kidogo, kwa sekunde chache, ndoo ikiwa chini, ili takataka zilizo ndani ya bomba zitoke. Funga tena na ukaushe.

Jaribio la plagi

Hapa ndipo plagi inapofanya kazi yake. Ifunge kwa tepu kwenye tundu la ukutani na ufungue maji kwa nguvu yote. Acha kwa nusu saa. Kausha ukuta na uguse tailosi zilizo kando na chini yake. Kama unyevu unatokea huku plagi ikiwa kavu, uvujaji uko ndani ya ukuta, na hakuna shawa mpya itakayouponya. Kama kila kitu ni kikavu, una hakika kwamba chochote kitakachovuja baadaye kinatokana na kiungo utakachofunga wewe mwenyewe, mahali unapopaona na unapopafikia. Jaribio hili hukuokoa na lawama, na humwokoa mwenye nyumba na gharama za kubahatisha. Mpangaji alifanye mwenye nyumba au kea-teka akiwepo, ili wote waone ukuta ulivyo kabla ya kazi kuendelea.

Tepu kwenye thredi

Toa plagi. Chukua mkono wa shawa na uushike kwa mkono wa kushoto, thredi inayoingia ukutani ikikuelekea usoni. Anza kufunga tepu kwenye thredi ya pili na uiache ya kwanza wazi, kwa sababu tepu iliyochungulia mdomoni hukatwa na maji na kwenda kuziba matundu ya shawa. Zungusha tepu kufuata mishale ya saa, ule ule mwelekeo wa kukaza. Ukiizungusha kinyume, kiungo kitaikunja na kuivua wakati unapokaza, na utaiona ikitoka nje kama uzi.

Ivute iwe na mkazo kiasi cha kuizamisha ndani ya mabonde ya thredi, hadi uone kila thredi imechorwa juu ya tepu. Kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia. Kwa thredi nzuri ya brasi, mizunguko 6 hadi 8 inatosha. Kwa thredi iliyolegea unaweza kufika 12. Ukimaliza, kata tepu kwa kuivuta, na ulaze ncha yake kwa kidole gumba kufuata mwelekeo ule ule.

Mafundi wa zamani hutumia katani na ile krimu ya Boss White, nayo ni njia nzuri sana kwenye bomba la chuma lenye thredi iliyochakaa. Lakini kwenye elbo ya PPR, katani nyingi ni hatari. Huvimba ikinyonya maji na kuisukuma plastiki kutoka ndani hadi ipasuke. Kwa PPR, tepu inatosha.

Tia kile kifuniko cha duara kwenye mkono kabla ya kuuingiza ukutani, maana ukisahau utalazimika kuanza upya. Ingiza mkono kwa vidole, bila spana, angalau mizunguko mitatu. Ukikataa mapema, umeingia upande. Utoe, unyooshe, uanze tena. Ukiisha kukazika kwa mkono, ongeza kwa spana mzunguko mmoja, hadi mmoja na nusu, ukisimama mdomo unapotazama chini. Ukipita hapo kidogo, usirudishe nyuma. Kurudisha nyuma hata robo mzunguko hufungua njia ya maji ndani ya tepu. Aidha endelea mzunguko mzima mwingine kama hauna ugumu wa kutisha, au utoe, uvue tepu yote na ufunge mpya.

Washa kwenye uso

Kichwa cha shawa au mpira wa shawa ya mkononi hufungwa kwa nati yenye washa ya mpira ndani. Hapa tepu haina kazi. Maji yanazuiwa na washa inapobanwa kati ya mdomo wa mkono na uso wa nati. Watu huizungushia tepu nati hii mara kumi na bado inavuja, kwa sababu washa haipo, imekunjika, au ni ngumu kama kucha. Hasa katika nyumba ambazo bomba hukaa bila maji kwa siku nyingi, mpira wa zamani hukauka na kupasuka.

Chungulia ndani ya nati. Washa ikae bapa, katikati, bila mchanga juu yake wala chini yake. Pitisha kidole kwenye mdomo wa mkono wa shawa. Ukihisi kijino cha metali, kilainishe kwa msasa. Kaza kwa mkono hadi isimame, kisha robo ya mzunguko kwa spana iliyofungwa kitambaa, basi. Washa iliyobanwa kupita kiasi huchomoka pembeni na kuacha pengo.

Baadhi ya vichwa havina washa na hutegemea thredi tu. Hivyo vifunge kwa tepu mizunguko 4 au 5. Kama ni vya plastiki, kaza kwa mkono peke yake.

Shawa ya umeme: yako na ya fundi

Shawa nyingi za umeme zinazouzwa Kenya ni za mtindo wa Brazil, na jina linalojulikana zaidi ni Lorenzetti, kampuni ya São Paulo iliyoanzishwa mwaka 1923. Asubuhi za Julai ukungu unapoteremka kutoka mlimani, si ajabu watu kuzipenda. Lakini shawa ya wati 5,500 kwenye umeme wetu wa volti 240 huvuta karibu ampea 23. Waya wa milimita 2.5 za mraba unaotumika kwa soketi ni mwembamba mno kwa mzigo huo. Unapata moto ndani ya ukuta bila mtu kuona.

Kazi yako ni ya maji: kufunga thredi ya plastiki kwa tepu na kukaza kwa mkono. Kazi ya waya ni ya fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli. Mwombe akuonyeshe mambo manne: breka ya shawa peke yake, waya wa unene unaofaa, swichi inayokata nyaya zote mbili, na waya wa ethi unaofika kweli ardhini. Zamani ethi ilisaidiwa na bomba la chuma lililozikwa. Bomba la PPR halipitishi umeme, kwa hiyo nyumba iliyobadilishiwa mabomba inahitaji ethi yake ikaguliwe upya. Usikubali mtu akuunganishie shawa bila ethi kwa madai kwamba inapasha maji moto vilevile. Ni kweli inapasha, na siku koili itakapopasuka hakuna kitakachomkinga aliye chini yake.

Kabla ya kurudisha umeme kwa mara ya kwanza, fungua maji baridi yapite dakika moja nzima. Koili ikiwashwa bila maji huungua papo hapo. Fanya hivyo pia kila maji yanaporudi baada ya mgao.

Kupima kama kweli haivuji

Fungua maji polepole ili hewa itoke, kisha kwa nguvu yote kwa dakika tano. Maji yakiendelea kupita, kausha viungo vyote kwa kitambaa, na uzungushe kipande cha tishu kavu kwenye kila kiungo. Jicho hukosa unyevu mdogo, tishu haikosi. Anza na kiungo cha ukutani, umalizie na nati ya kichwa.

Shawa ikiendelea kudondoka dakika chache baada ya kufunga, ni maji yaliyobaki ndani ya kichwa. Ikidondoka baada ya nusu saa, koki haifungi, na kichwa hakina kosa. Wengi hununua kichwa cha pili na cha tatu kwa tatizo hili bure. Kwa koki ya kuzungusha mara nyingi, funga maji, fungua shina lake na ubadilishe washa iliyo mwishoni. Kwa koki ya robo mzunguko, badilisha moyo wake wote, ukienda na wa zamani dukani.

Kiungo cha thredi kikivuja, kitoe, uvue tepu yote, usafishe, ufunge upya. Kuongeza tepu juu ya iliyokwisha kubanwa ni kazi ya bora liende. Nati ikivuja, badilisha washa. Silikoni usiipake juu ya kiungo kinachovuja. Haiwezi kuhimili presha, na itakuficha maji yanayoingia ukutani. Mahali pake ni ukingo wa kile kifuniko cha duara, kuzuia maji ya kuoga yasipite nyuma, nayo iache uwazi mdogo upande wa chini ili uvujaji wowote ujitokeze.

Kipimo cha mwisho kinafanywa usiku. Watu wakishalala, funga mfereji unaojaza tangi, tumbukiza fimbo safi ndani yake hadi chini na uweke alama maji yalipofika. Alfajiri, kabla mtu hajafungua maji, pima tena. Kwa tangi lenye kipenyo cha mita moja, kila sentimita iliyopungua ni karibu lita 8. Kama alama haijasogea, nyumba nzima haivuji.

Kuitunza wakati wa mgao

Maji yakirudi baada ya siku kadhaa, mkupuo wa kwanza hubeba hewa, kutu na tope. Yafungulie kwanza kwenye mfereji wa chini hadi yawe safi, ndipo ufungue shawa. Kichwa kikipungukiwa na nguvu, kifungue, uoshe kichujio, na ukiloweke kwenye siki kwa nusu saa. Muda mrefu zaidi huharibu kromu. Yale matundu ya mpira yasugue kwa kidole gumba.

Wiki moja baada ya kazi, rudia jaribio la tishu, kwa kuwa viungo vipya hutulia vikipitiwa na maji moto na baridi. Kisha weka washa mbili za akiba, tepu iliyobaki na ile plagi kwenye mfuko mmoja, uutundike karibu na geti valvu, na umwonyeshe kila mtu mzima wa nyumba valvu hiyo inafungwaje. Siku bomba litakapopasuka hatakuwepo fundi wala wewe, na atakayekuwepo atahitaji kujua hilo moja tu.